Lushoto, Marangu au Tukuyu? Kwa anayetaka mji mdogo wa mlimani na bado hajaamua

Likizo zikikaribia tu naanza kuulizwa na ndugu na marafiki swali lile lile, nataka nitoke kwenye joto, niende sehemu ya baridi, mji mdogo tu wenye historia yake na vitu vya kuona, niende wapi? Na mara nyingi mtu anakuwa ameshachuja mwenyewe mpaka amebaki na majina matatu, Lushoto, Marangu na Tukuyu, halafu hapo ndo anakwama, manake picha zinafanana kabisa, kijani kila mahali, ukungu, migomba, maji yanaporomoka kwenye jiwe. Kwa picha huwezi kuchagua.

Mimi yote mitatu nimefika, na zaidi ya mara moja, na nayapenda yale mazingira kwa dhati ndo maana nataka usikosee, kwa sababu nimeona mtu anaenda mji mzuri kwa wakati mbaya au na watu wasioendana nao halafu anarudi anasema hakuna kitu kule. Kwa ufupi naweza kusema hivi: Lushoto inataka miguu yako, Marangu inataka ukae na watu uwasikilize, Tukuyu inataka uvumilivu wa njia na mvua. Ukishajua wewe uko tayari kutoa kipi, nusu ya kazi imeisha.

Nitavilinganisha kwa mambo haya haya kwa kila mji: kufika na siku unazohitaji, historia, watu na chakula, vitu vya kuona, hali ya hewa, na hela. Historia na watu nitakaa nayo sana kwa sababu hapo ndo tofauti kubwa ilipo na ndo watu wengi wanaruka.

Kufika, na siku ngapi zinatosha

Kwa mtu wa Dar au Tanga, Lushoto ndo jepesi. Kuna mabasi ya moja kwa moja, na ukikosa unapanda basi lolote la kwenda Moshi au Arusha unashuka Mombo, hapo magari ya kupanda juu hayakosekani. Kutoka Mombo ni kilomita kama 33 tu lakini ni kona tupu, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo na mto unaousikia chini, na barabara yenyewe ilichongwa enzi za Mjerumani. Ukifika Soni maporomoko unayaona kutoka dirishani. Anayechefuka na gari akae mbele na Mombo asile sana. Usiku mbili zinatosha kuonja, tatu au nne ndo vizuri.

Marangu nayo iko kwenye barabara hiyo hiyo ukiendelea mbele, unashuka Himo kabla hujafika Moshi, unapanda daladala mpaka Marangu Mtoni, ni kilomita kumi na kidogo hivi za lami. Ukitokea Moshi mjini unaweza kwenda na kurudi siku moja, na hapo ndo watu wanapokosea, wanaenda asubuhi wanapiga picha kwenye maporomoko saa kumi wameshaondoka, wanasema wameiona Marangu. Hawajaiona. Lala angalau usiku mbili.

Tukuyu ni safari. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima ya basi, halafu kutoka Mbeya unapita Uyole unashika barabara ya Kyela kama kilomita 70 hivi ndo unafika. Mabasi ya Kyela yanapita hapo hapo Tukuyu kwa hiyo unaweza kwenda moja kwa moja, au treni ya TAZARA mpaka Mbeya kama una muda, au ndege mpaka Songwe kama una hela. Mtu wa Dar mwenye wikiendi peke yake asijaribu kabisa, ataishia kuona barabara. Ila kama uko Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe mambo yanageuka, Tukuyu ndo jirani yako na Lushoto ndo inakuwa safari.

Historia

Kitu kimoja kinachoiunganisha miji hii ni kwamba Wajerumani waliipenda yote kwa sababu moja, baridi na ardhi nzuri, na wakaipachika majina yao. Lushoto waliiita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaizari wao. Tukuyu ikawa Neu Langenburg, Langenburg mpya, kwa kuwa Langenburg ya kwanza ilikuwa kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Marangu ilibaki na jina lake lakini kilele cha Kilimanjaro, mlima ulio juu yake, kikapewa jina la huyo huyo Kaizari Wilhelm, na jina hilo likaja kuondoka nchi ilipopata uhuru, usiku ule Alexander Nyirenda alipoupandisha Mwenge mwaka 1961, ndo leo tunasema Uhuru.

Lakini ukiishia kwenye majengo ya Wajerumani utakuwa umesoma ukurasa wa mwisho tu.

Lushoto kwa mfano, kabla hata ya kuwa mji, mji mkuu ulikuwa Vuga, juu ya milima upande wa Soni. Hapo ndo walikaa wafalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa. Wazee wanasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu, aliyezaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia, kwa hiyo kwao wakamwogopa na kumnyima urithi, akaondoka na mbwa wake. Alipofika Usambaa akawa anaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu, nyama anagawa, watu wakampenda, na baada ya kumuua simba wakamfanya mtawala wao, ndo ikatoka Simba Mwene kama jina la heshima la mfalme. Mjukuu wake wa baadaye, Kimweri ye Nyumbai, alitawala mpaka 1862 na himaya yake ilishuka mpaka karibu na pwani, yule mmisionari Krapf alimtembelea Vuga mara mbili, 1848 na 1852. Wasambaa wana maneno mawili ambayo ukiyaelewa unaielewa siasa yao yote, kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Mfalme mwenye nguvu aliaminika anaileta mvua na kuiponya nchi, wafalme wakigombana nchi inaharibika, njaa inaingia.

Na waligombana kweli. Kimweri alipofariki, mtoto wake Semboja akaona mali haiko juu tena, iko chini kwenye njia ya misafara, bunduki na watumwa, akaweka makao yake Mazinde kwenye tambarare. Sasa ukisimama Irente ukatazama chini, yale mabati na mashamba unayoyaona karibu mita elfu moja chini yako, ni Mazinde. Watu wanapiga selfi pale bila kujua wanatazama mahali ufalme ulipovunjikia. Mimi nilipoambiwa hilo na mzee mmoja nilikaa pale mpaka jua likazama.

Ukishuka miaka ya karibuni, kuna habari ya matuta. Waingereza miaka ya 1940 na 1950 kule Mlalo na sehemu nyingine waliwalazimisha wakulima wachimbe matuta kuzuia mmomonyoko, watu wakakataa, wakaona ni kazi ya bure inayowamaliza na kuwanyang'anya ardhi, na upinzani ule ukaja kuungana na harakati za TANU, chama kilichodai uhuru. Waulize wenye umri mkubwa, bado kuna waliosikia kwa baba zao.

Marangu historia yake ni ya mangi, yaani machifu wa Wachaga, na ni ngumu, ina upande wa fahari na upande wa maumivu. Mangi Marealle alikuwa mwanasiasa mjanja, alijenga urafiki na Wajerumani akawa na nguvu kuliko mangi wengi, wakati huo huo Mangi Meli wa Old Moshi alipigana nao na 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wenzake, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Kwa hiyo historia ya Marangu ukiisikilizia Marangu na ukaisikilizia Old Moshi utapata hadithi mbili, na ni vizuri uzisikie zote. Marangu ndo pia alikuwa na kituo Carl Peters, yule waliyemwita Mkono wa Damu, na ni kwa sababu ya watu aliowanyonga hapo, akiwemo msichana wa Kichaga, ndo serikali yake yenyewe ikaja kumfukuza kazi 1897. Hili huwa halisemwi kwenye matembezi ya watalii na linaniuma, yule msichana alikuwa na kwao hapo hapo.

Upande wa fahari kuna Yohani Kinyala Lauwo, mwenyeji wa Marangu, anayekumbukwa kama kiongozi wa njia wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni Oktoba 1889. Kuna ushirika wa kahawa ambao Wachaga waliuanzisha wenyewe, kwanza 1925 kama chama cha wakulima halafu 1933 ikawa KNCU, watoto wengi walisomeshwa na kahawa ile. Na kuna Thomas Marealle, mjukuu wa yule mangi, aliyekuja kuwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote miaka ya 1950.

Tukuyu imejaa historia ila haina vibao, lazima uulize. Wanyakyusa hawakuwa na mfalme mmoja kama Wasambaa, walikuwa na machifu wengi wadogo ambao wanasema asili yao ni Ukinga. Cha ajabu zaidi, na sijui sehemu nyingine Tanzania palipokuwa hivyo, ni kwamba vijiji vyao vilikuwa vya rika. Vijana wa kiume wakifika umri wa miaka kama kumi hivi walitoka kwa wazazi wakajenga vibanda vyao pembeni, wakakua pamoja, wakaoa, ikawa ndo kijiji chao maisha yote, na kila kizazi kulikuwa na sherehe kubwa ya kukabidhiwa nchi, ubusoka. Wamoraviani walifika Rungwe 1891 na misheni yao ipo mpaka leo, boma la Mjerumani mjini bado linatumika kama ofisi, na Waingereza waliingia kutokea Nyasaland 1916 wakati wa vita. Ndo hapo inapotokea hadithi ya Ziwa Masoko, kwamba Wajerumani wakikimbia walizamisha mali zao humo. Kila mtu pale anayo namna yake ya kuisimulia, sikiliza tu.

Kwa hiyo ukipenda historia ya himaya na visa vya wafalme nenda Lushoto, ya ukoloni na familia ambazo bado zipo na zinakumbuka nenda Marangu, na kama ni mtu wa kudadisi mwenyewe taratibu bila kuandaliwa, Tukuyu itakulipa.

Watu, lugha na chakula

Hapa Marangu inanivuta kuliko mingine, nisiwafiche. Mji wenyewe pale Mtoni ni mdogo, soko, maduka, daraja, lakini Marangu halisi ni kihamba, shamba la familia lenye nyumba ndani yake. Unaingia kwenye kijia kati ya ua wa mimea ya masale, ndani migomba juu, kahawa chini yake, magimbi chini zaidi, ng'ombe zizini, mfongo wa maji unapita pembeni, na mara nyingi makaburi ya babu na bibi yako hapo hapo, mtu anaishi na waliomtangulia. Sale siyo ua la mapambo, mtu akikukosea akaja na jani la sale kuomba msamaha, kwa mila huwezi kumkatalia. Ukikaribishwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, pokea kata kwa heshima hata kama unaonja tu, na kama hunywi sema mapema kwa upole hawakulazimishi. Vyakula ni mtori, machalari, kiburu, na nyama ikichinjwa basi ni siku kubwa. Asante ni aika, kwa mwanaume mtu mzima unasema aika mbe, kwa mama aika mae, utaona nyuso zinavyofunguka.

Desemba ni kitu kingine. Wachaga wa dunia nzima wanarudi nyumbani, magari yanajaa mpaka vijiani, kila boma lina moshi. Ukiwa na mwenyeji wa kukualika usiikose kwa chochote. Ukiwa huna mwenyeji utajikuta pembeni ya sherehe ya familia za watu na vyumba vimejaa.

Lushoto utamaduni wake unaukuta sokoni. Siku ya soko akina mama wanashuka kutoka vijijini na kanga zao na vikapu vya plamsi, mapeasi, mapichi, kabichi, karoti, viazi, sehemu kubwa ya mboga za Dar zinatoka hapa. Ukiamka asubuhi salimia onga mahundo. Na kitu ambacho wenye kupenda lugha wanakihusudu, kwenye milima hii wapo Wambugu ambao lugha yao imechanganya maneno ya asili ya Kikushi na sarufi ya Kibantu, wasomi wa lugha wametoka mbali kuja kuisikiliza. Chakula cha mjini ni cha kawaida, wali maharage, ugali, mboga nzuri sana. Kinachofanya tofauti ni jibini, mkate na jemu za shamba la kanisa pale Irente, na watawa Wabenedikto wa Sakharani karibu na Soni wana divai na makadamia. Na ni mji mtulivu, Waislamu na Walutheri wamekaa pamoja muda mrefu, usiku saa tatu kimya.

Tukuyu watu ni wachangamfu na wana sauti, salamu ni ugonile, asante ni ndaga, na ukisema ndaga fijo wanajua umekuja kwa heshima. Unakula mbalaga, ndizi zilizopikwa, na maziwa ya mtindi ambayo kwangu hayana mfano. Chini ya migomba pamefagiliwa kama sebuleni. Ukibahatika kukuta ing'oma inachezwa, wanaume na ngoma zao na mwendo ule wa pamoja, kaa mpaka mwisho.

Vya kuona

Lushoto ni kutembea. Irente unaenda kwa miguu kutoka mjini, ni kama saa moja na nusu hivi kwa mwendo wa kawaida, unapita mashambani. Msitu wa Magamba uko juu ya mji, miti mikubwa, mbega weusi na weupe wanaruka juu kwa juu, vinyonga, ndege ambao wengine hawapatikani nje ya milima hii ya Tao la Mashariki. Lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanaliweka madirishani duniani kote asili yake ni Usambara, Mjerumani mmoja ndo alipeleka mbegu kwao miaka ya 1890. Kama una siku nne unaweza kutembea kijiji kwa kijiji, unalala kwa masista Rangwi, unamalizia Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima, pande zote mbili ni hewa na chini ni mbuga ya Mkomazi. Hii kwangu ndo safari bora ya miguu Tanzania kwa mtu asiyetaka kupanda Kilimanjaro, na sihitaji kufikiria mara mbili kusema hivyo.

Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori, na kisa cha Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa akaja pale kujirusha kwa kuogopa adhabu, akaghairi, alipogeuka akakutana na chui. Kuna Kilasia na Ndoro pia, ngazi ni nyingi na zina utelezi. Kuna mahandaki ambayo Wachaga walichimba kujificha wakati wa vita na uvamizi wa Wamasai, kama unaogopa sehemu finyu usiingie. Halafu kuna mlima wenyewe. Huhitaji kwenda kileleni, unaweza kupanda kwa siku moja kutoka getini mpaka Mandara, mita 2,720, ukazunguka kreta ya Maundi ukarudi jioni, lazima uwe na mwongozaji na ulipe ada ya hifadhi. Wanaokwenda kileleni, mita 5,895, njia ya Marangu ndo pekee yenye vibanda vya kulala na vitanda, nyingine zote ni mahema. Viwili kati ya vibanda hivyo majina yake ni ya mangi, Mandara alikuwa wa Old Moshi, Horombo wa upande wa Rombo, ni vizuri kujua unalala kwenye jina la nani.

Tukuyu vitu ni vingi na vimetawanyika, hapa bila gari au bodaboda ya kukodi siku nzima utaviona vichache. Ziwa Ngozi liko kabla hujafika Tukuyu ukitokea Mbeya, unaingilia Isongole, unapanda msituni zaidi ya saa moja halafu ghafla miti inaisha na uko ukingoni mwa kreta, maji ya kijani kimya kabisa chini yako, hayana mto unaotoka. Kuna Daraja la Mungu, mwamba uliojitengeneza daraja juu ya mto Kiwira, na Kijungu ambapo mto huo huo unaingia kwenye chungu cha mwamba. Kaporogwe ina pango nyuma ya maji, unasimama maji yanapita mbele yako. Mlima Rungwe, mita 2,960, ni siku nzima ya kupanda na kushuka.

Na kwenye misitu ya Rungwe kuna nyani anaitwa kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja tangu zamani, wanasayansi wakadhani ni hadithi, walipofuatilia wakamwona kweli mwaka 2003, na 2006 ikathibitishwa siyo aina mpya tu bali ni jenasi mpya, yaani kundi jipya kabisa, la nyani wa Afrika, kitu kilichokuwa hakijatokea tangu 1923. Nikikumbuka kwamba wazee walikuwa sahihi muda wote huo nafurahi mpaka leo. Kumwona ni bahati, usiende kwa ajili yake peke yake. Kitulo, hifadhi ya maua iliyoanzishwa 2005, unaweza kuifikia kutokea upande huu kwa njia ya Isyonje, tatizo maua yanachanua kipindi cha mvua na njia ndo inakuwa mbaya wakati huo huo, kwa hiyo uwe na gari la juu.

Hali ya hewa

Lushoto na Marangu masika ni Machi mpaka Mei, epuka kama unaweza. Juni mpaka Agosti Lushoto ni baridi ya kweli, sweta moja haitoshi usiku. Marangu ukitaka kuuona mlima lenga Januari na Februari, au kuanzia Agosti mwishoni mpaka Oktoba, na uamke kabla ya jua, manake saa nne mawingu yameshafunga.

Tukuyu ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Inaanza Novemba inaendelea mpaka Mei, Machi na Aprili usiende kama mgeni wa mara ya kwanza. Nilikaa siku tatu Aprili moja na Mlima Rungwe ambao uko pale pale juu ya mji sikuuona hata mara moja. Juni mpaka Oktoba ndo wakati wake, baridi lakini kuna jua. Koti la mvua beba mwezi wowote.

Hela na malazi

Sitaji bei kwa sababu zinabadilika, ila kwa uwiano, Tukuyu chakula na gesti ni nafuu kuliko kote lakini hela yako inaishia kwenye nauli na kukodi gari. Lushoto ina mchanganyiko mzuri, gesti za kawaida, hosteli za kanisa, loji chache za gharama huko nje ya mji. Marangu hoteli nyingi zimezoea wapanda mlima wa kigeni na bei ziko hivyo, ila kuna gesti za bei ya kawaida Mtoni na Himo, na familia zinazopokea wageni.

Magamba na msitu wa Rungwe viko chini ya TFS, wakala wa misitu, Kilimanjaro na Kitulo ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kote huko kiwango cha raia ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA usikisahau nyumbani. Mwongozaji wa kijijini mlipe, hata pale unapodhani njia unaijua, msituni ukungu ukishuka hujui mashariki ni wapi na yeye ndo anayejua visa vya kila jiwe.

Sasa wewe uende wapi

Una wikiendi ndefu tu na unatoka Dar au Tanga, nenda Lushoto. Hapo sioni cha kujadili, mingine itakuchosha.

Una watoto wadogo, Lushoto pia kama hawachefuki na kona, au Marangu kama unataka lami mpaka mlangoni na matembezi mafupi mafupi. Tukuyu na watoto inawezekana ukiwa na gari lako mwenyewe, kiangazi.

Unaenda na wazazi au mtu mzima asiyeweza kutembea sana, Marangu. Atakaa kihambani, atapata mtori, atapata watu wa rika lake wa kuongea nao, asubuhi anauona mlima bila kupanda hatua moja. Mama yangu mdogo nilimpeleka Lushoto kwanza na nikajuta, sehemu zote nzuri zilikuwa za kupanda kwa miguu, mwaka uliofuata tukaenda Marangu na hakutaka kurudi.

Wewe ni wa kutembea siku nne tano na begi mgongoni, na bajeti siyo kubwa, Lushoto mpaka Mtae. Kama lengo ni kilele cha Kilimanjaro basi ni Marangu, ila ongeza siku mbili kabla ya kupanda za kukaa kijijini, utawajua watu ambao ndugu zao ndo watakubebea mizigo.

Ni honimuni au mnataka utulivu wenu wawili, inategemea mnapenda nini, Lushoto kule Irente ukingoni jioni ni pazuri mno, na Tukuyu mwezi wa Julai mkiwa na gari hakuna atakayewasumbua.

Umeshaona kaskazini yote, huna haraka, una wiki nzima na hupendi sehemu zenye watalii wengi, panda TAZARA uende Tukuyu. Lala Mbeya usiku mmoja, siku ya pili pitia Ngozi kabla ya kuingia mjini, Masoko na Kaporogwe weka siku moja kwa kuwa ziko upande mmoja, Daraja la Mungu na Kijungu siku nyingine, na siku ya Rungwe iache katikati ili mvua ikikuharibia uwe na nafasi ya kusogeza.

Na kama una siku kumi na unatokea Dar kwa njia ya kaskazini, huna haja ya kuchagua kati ya Lushoto na Marangu, ziko kwenye barabara moja. Anza Lushoto usiku nne, shuka Mombo asubuhi, panda basi la kwenda Moshi, Himo unashuka mchana, jioni uko Marangu. Ukifika usiende popote siku hiyo, tafuta pa kulala tu na uweke alamu ya saa kumi na moja alfajiri, utoke nje uangalie juu.